Kiti cha Pemba na Deni la Marehemu Suhail

Mjinga wa siku ile alikuwa Bakar Kificho, na ujinga wake ulikuwa na kiyoyozi.

Mpelelezi hapandi gari la mtu aliyemo kwenye shauri lake. Hilo hufundishwa chuoni mapema kabisa, kabla hata ya kufundishwa kupiga saluti, na Bakar alilifundisha yeye mwenyewe kwa vijana wa polisi mpaka alipostaafu. Lakini asubuhi ile jua la Chake Chake lilikuwa limeamka na ugomvi, gari la ofisi halikuwa na mafuta, na Hamood alisimamisha lake mbele ya ngazi, akafungua mlango, akasema, "Mzee Bakar, utatembea mpaka Micheweni?" Bakar akapanda, akafunga mkanda, akashukuru.

Shauri lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza. Ofisi ya Usimamizi wa Malipo iliundwa kuwabana wanaochukua mali za wafanyabiashara wadogo na kuwalipa wanapojisikia. Ofisi ilitaka washauri wa bodi, na kiti kimoja kilitengwa kwa Pemba. Waliomba wengi, wakachujwa, wakabaki wawili. Mmoja Bi Thuraiya, mjane anayekusanya mwani wa wanawake wa Micheweni na kuwatafutia soko. Wa pili huyo Hamood, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, shemeji yake Bi Thuraiya, kwani marehemu Suhail, mume wa Bi Thuraiya, alikuwa kaka yake Hamood wa tumbo moja.

Sharti la kiti lilikuwa moja lisilo na mjadala: mshauri asiwe na deni la biashara alilolikalia. Wote wawili walikula kiapo kwamba hawadaiwi. Ndipo mwenye boti mmoja wa Wesha, Mzee Matano, alipofika ofisini akalalamika kwamba Bi Thuraiya hajamlipa nauli ya marobota ya mwani.

Bi Rawya, mwenyekiti wa kamati ya kuteua washauri, hakupenda maneno mengi. Alimwita Bakar, ambaye hupewa kazi kama hizi kwa mkataba, akamwambia kwamba kamati inakaa baada ya alasiri na majina yanapelekwa Unguja leo leo.

"Nataka jibu moja," alisema. "Anadaiwa au hadaiwi. Akiwa anadaiwa, namfuta, na kiti kinakwenda kwa Hamood."

Bakar aliulizia malipo ya kazi yake iliyopita. Akaambiwa mhasibu yuko kwenye semina ya kuhimiza malipo kwa wakati.

Njiani kwenda Wesha, walikoanzia kwa mlalamikaji, Hamood alimsifu shemeji yake mpaka Bakar akaona haya kwa niaba yake. Mwanamke mchapakazi, mwanamke wa heshima, kafiwa lakini hakukunja mikono. Kama kiti kingekuwa chake Hamood kukigawa, angempa yeye. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akasema kwamba wako watu hawatalala vizuri Thuraiya akipata kiti hicho. Bakar akauliza watu gani. Hamood akasema yeye si mtu wa kusengenya, akapunguza mwendo kupisha ng'ombe, halafu akasengenya: Muadh, wakala wa wanunuzi wa mwani, mwenye ghala pale Wesha. Huyo anachukua mwani leo na kulipa msimu ukishageuka. Thuraiya keshasema hadharani kwamba akikaa kwenye bodi, wa kwanza kuitwa atakuwa yeye.

Hivyo Bakar aliposhuka Wesha alikuwa na mtuhumiwa tayari, na alikuwa hajamhoji mtu hata mmoja.

Mzee Matano walimkuta akisukuma gari la mkono la mtu mwingine, limejaa magunia ya saruji. Boti yake ilikuwa imekaa kavu, mashine imezuiwa kwa fundi mpaka fundi alipwe. Mzee alifuta jasho kwa ncha ya kikoi, wakaamkiana, wakaulizana watu wa nyumbani. Kisha Bakar akaingia kwenye maswali, na Hamood akabaki amesimama kando ya gari lake, akiwapungia mkono wapita njia.

Deni lilikuwa la kweli? La kweli, alisema mzee. Safari zote za msimu ule zilikuwa za Suhail, na Suhail alikufa ghafla nauli iko mkononi mwake. Je, alimwendea mjane? Mzee alitazama gari la Hamood kwanza.

"Mtu yuko eda, mie nikamgongee mlango kudai nauli? Nina adabu, yakhe."

Na eda ilipokwisha? Mzee akatazama gari tena. Bakar alifuata macho yake, akaona rangi inavyong'aa, akadhani mzee analitamani.

"Niliambiwa nipeleke ofisini," alisema Matano.

"Uliambiwa na nani?"

"Na watu."

Akashika mikono ya gari lake la mkono, akaondoka na saruji ya watu. Bakar akaridhika. Watu hao, kwa hesabu yake, walikuwa mtu mmoja, na ghala la mtu huyo lilikuwa linaonekana pale pale.

Muadh alikuwa mnene, mcheshi, mwenye kanzu iliyokunjwa mikono na kalamu nyuma ya sikio. Bakar hakutaka hata kuingia ndani. Alimsomea shutuma mlangoni, mbele ya wachukuzi waliokuwa wakipanga marobota: kwamba anawadhulumu wanawake wa mwani, kwamba anaogopa kuitwa na bodi, na kwamba amemtuma mzee wa watu kwenda kumchafua mjane. Sauti yake ilikuwa ile ya kituoni, ya zamani, na wachukuzi waliacha kazi ili wasipitwe.

Muadh alimsikiliza mpaka mwisho.

"Afande, mie nachelewesha. Sikatai. Wananidai wanawake wa Micheweni, ananidai mwenye ghala hili, ananidai mpaka muuza kahawa yule pale, mtazame anavyonikodolea. Sasa mtu kama mie, nitaanzaje kuwaonyesha watu njia ya kwenda ofisi ile? Siku mzee Matano akirudi na pesa zake, si kesho bandari nzima iko foleni na jina langu mdomoni?"

Wachukuzi wakacheka. Muuza kahawa akacheka zaidi kuliko wote, kwa uchungu wa mwenye haki. Bakar alitafuta tundu katika maneno hayo, akaligeuza huku na huku, hakuliona. Mwenye madeni hafundishi watu kudai.

"Tena yule mzee hamdai Thuraiya," aliongeza Muadh, sasa kwa sauti ya chini. "Anamdai Suhail. Tulimzika pamoja, mie na yeye."

Bakar akarudi kwenye gari. Hamood akamuuliza kama Muadh amekiri. Bakar akasema Muadh anajua kusema. Hamood akacheka, akasema ndiyo kazi yake, akaongeza baridi ya kiyoyozi.

Safari ya Micheweni ni ndefu kwa mtu anayefikiri, na Bakar alifikiri njia nzima. Suhail alizikwa. Kabla ya maiti kuswaliwa huwaje? Kila mwanamume wa Pemba anajua. Mmoja wa wafiwa husimama mbele ya safu, akawaomba watu msamaha kwa niaba ya marehemu, kisha akaita wenye kumdai. Basi Matano aliitwa. Alijitokeza au alinyamaza? Kama alinyamaza, deni limetoka wapi leo? Kama alijitokeza, aliambiwa nini? Hapo ndipo penye shauri lote, na Bakar alijiona amelikamata. Tatizo ni mtu aliyekwenda kumuuliza.

Bi Thuraiya aliwapokea uani, kwenye ardhi ya mawe iliyotandazwa mwani mpaka ukutani. Wanawake kadhaa walikuwa wakifungua kamba na kuchambua. Alimkaribisha Bakar kwenye kigoda, akamwamkia shemeji yake kwa heshima zote, akauliza watoto, akaagiza madafu. Hamood alipata simu, akatoka nje kuipokea. Bakar akaanza.

Deni la Matano? Hakulijua. Marehemu ndiye aliyeshughulika na usafiri, yeye alishughulika na wakulima, na marehemu alimwambia nauli haina tatizo. Bakar akamuuliza kama msibani Matano alijitokeza. Hajui. Akamuuliza wenye madeni walipoitwa pale kwenye swala, walijibiwa nini. Hajui. Bakar akakaza uso. Alimwambia kwamba kiti chake kiko hatarini, kwamba mume alikuwa wake, kwamba haiwezekani maneno mazito kama yale yasemwe na yeye asijue yalivyosemwa.

Thuraiya aliweka chini kamba aliyokuwa akiifungua.

"Kaka Bakar, wewe katika kuzika kwako kote, umewahi kuniona mimi safuni?"

Uwanja mzima ulicheka. Bibi mmoja alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga. Bakar naye ilibidi acheke, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ya kufanya na mdomo wake. Wanaume huswali na kuzika. Wanawake hubaki ndani na mjane. Alikuwa amekwenda mpaka Micheweni kumuuliza mwanamke jambo linalosemwa mahali ambapo mwanamke hayupo.

Lakini kicheko kilipopungua, swali likabaki limekaa. Maneno yale yalisikiwa na kila mwanamume, isipokuwa hayakumfikia yule mmoja yanayomhusu. Mtu angeweza kuyasema safuni na asiyaseme nyumbani.

"Nani alikuletea habari za madeni?" aliuliza Bakar, safari hii kwa sauti ya kibinadamu.

"Shemeji. Nilikuwa ndani ya eda, akaja akasema nyuma ya pazia: madeni ya Suhail yamekwisha, usijishughulishe. Nikamwombea dua."

"Na baada ya hapo, yupo aliyekuja kukudai?"

"Hakuna. Nilisema watu wa Wesha ni wakarimu."

Mmoja wa wanawake, bila kuinua macho kwenye mwani wake, akasema kwamba wao hawana habari na nauli za mtu, wao wanataka kujua tu kama kiti kipo au hakipo. Wanunuzi wamekwishachukua mzigo wa msimu huu pia, na pesa za msimu uliopita bado wanazisikia redioni. Kama Thuraiya hayumo, hakuna atakayewataja. Bwana Hamood alikuja kuomba kuungwa mkono, akawahutubia kuhusu mazingira wezeshi. Waliuliza hayo ndiyo nini, akasema wataelimishwa.

Bakar alitoka nje. Hamood alikuwa ameshawasha gari, ndani kumepoa. Bakar akamwambia atangulie, yeye ana jamaa wa kumjulia hali pale kijijini. Hamood alisita kidogo, akamtazama, kisha akasema hapana shaka, tutaonana alasiri. Bakar akarudi Wesha juu ya lori la mwani, ameketi kwenye magunia mabichi, na kila lori lilipopiga shimo alijiambia kwamba haki ndiyo hii.

Mzee Matano alipomwona, swali la kwanza lilikuwa lake.

"Gari liko wapi?"

"Limeondoka. Na mwenyewe kaondoka nalo."

Basi mzee akaketi juu ya gunia, na yote yakatoka bila kuvutwa. Siku ya msiba aliyesimama mbele ya safu alikuwa Hamood. Alilia, akasema ndugu yake alikuwa mwanadamu, aliyemkosea amsamehe. Kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka nje ya msikiti: mwenye kumdai asimwendee mjane, anione mimi, deni lake ni langu kuanzia sasa. Watu wakasema amina, maiti akaswaliwa, wakaenda wakazika. Matano hakujitokeza pale pale, kwani ni nani anayetaja nauli jeneza likiwa mbele yake? Alingoja siku zipite, akamwendea Hamood dukani. Akaambiwa njoo wiki ijayo. Akaenda wiki hiyo, akaambiwa mwezi ujao. Mashine ikaharibika, fundi akaizuia. Mara ya mwisho Hamood alimpa soda, akamwambia pesa zote za Suhail anazo mjane, na kwamba ipo ofisi mpya inayowalipisha watu kama huyo. Akampa na nauli ya kwenda Chake.

"Nauli alilipa?" aliuliza Bakar.

"Hiyo alilipa. Pale pale."

Shahidi mmoja hatoshi, na shahidi anayedai hatoshi hata nusu. Bakar alitembea mpaka ghalani kwa Muadh, na wachukuzi walipomwona wakaweka marobota chini tena, kwa matumaini. Muadh alikiri kwamba alikuwepo safuni, alisikia, na mkono wake ulikuwa kwenye jeneza. Angekuja Chake kusema. Kwa sharti moja: maneno ya asubuhi yalisemwa mlangoni kwa sauti, basi na yafutwe mlangoni kwa sauti. Bakar alisimama pale pale, akasema kwamba alimsingizia Muadh jambo asilolifanya, na kwamba katika hili Muadh hana hatia. Muadh alimwomba arudie neno "hana hatia" kwa ajili ya muuza kahawa. Muuza kahawa akasema yeye alisikia "katika hili" tu.

Kamati ilikaa baada ya alasiri katika chumba chenye feni inayozunguka kwa kubembelezwa. Bi Rawya alikuwa katikati, wajumbe wawili kila upande wake wakitazama saa. Hamood alikaa kulia, kanzu imepigwa pasi upya. Thuraiya alikaa kushoto. Bakar alikuwa amempigia simu kumwambia afike, na hakumwambia zaidi. Matano na Muadh walikaa nyuma, karibu na mlango.

Bakar alieleza kwa mpangilio, kama afanyavyo mahakamani: deni lipo, halijalipwa, aliyelikopa amekufa, na yupo mtu aliyelibeba mbele ya mashahidi. Alimtaja. Thuraiya hakugeuka kumtazama shemeji yake. Alishika ukingo wa meza, basi.

Hamood kwanza alisema hakumbuki maneno. Msiba ni msiba, mtu hajui anasema nini. Bakar akamwita Matano, naye akayasema yale maneno yote, polepole. Akamwita Muadh, akayasema vile vile, akaongeza kwamba yeye ni mdaiwa wa kupigiwa mfano na masikio yake hayakosei neno deni likitajwa. Mjumbe mmoja akakohoa kuficha kicheko. Hamood akaona kwamba njia ile imefungwa.

Bi Rawya aliweka kalamu chini. Alisema yeye ni mwanamke na yanayosemwa huko kwenye swala za maiti hayajui, lakini kazi yake ni kufunga jambo hili kabla ya magharibi. Ikiwa maneno yale ni ahadi, deni ni la Hamood, alikula kiapo cha uongo, na jina linalofutwa ni lake. Ikiwa ni desturi tu ya msiba, deni limerudi kwenye mali ya marehemu, yaani kwa mjane, na jina linalofutwa ni la mjane, hata kama hakujua. Ofisi haina njia ya tatu.

"Bi Mwenyekiti," alisema Hamood, na sauti yake ilikuwa imepata tena utulivu wake, "hapa sote ni watu wazima. Maneno yale kila mfiwa huyasema. Baba yangu aliyasema, nami nitasemewa. Hujawahi kusikia mtu kapelekwa mahakamani kwa maneno ya jeneza. Tukianza kuyageuza mikataba, hakuna atakayesimama tena kumsemea maiti wake."

Wajumbe walitazamana. Mmoja akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia hoja. Bakar akasema kwamba watu walizika kwa maneno yale. Hamood akamjibu kwamba watu wangezika tu, na maiti hangebaki msikitini. Bi Rawya akaichukua kalamu yake tena, na macho yake yakaelekea upande wa kushoto wa meza, alikokaa Thuraiya.

Hamood aliona macho yale. Akamgeukia mjane wa kaka yake, akainamisha kichwa kwa upole, na akazungumza kama mtu wa nyumba moja.

"Shemeji, wewe mwenyewe unajua. Sikuwa naahidi kitu. Nilisema vile ili ndugu yangu apumzike."

"Basi chukua jembe, Hamood," alisema Thuraiya, "ukamwambie mwenyewe kaburini."